Kiti Kitupu kwenye Barabara ya Tunduma

Magari mengi madogo yanayoingia Tunduma kutoka upande wa Mbeya hayaendeshwi na wenyewe. Mwenye gari yuko Lusaka, Lubumbashi au Harare, anasubiri. Anayeliendesha ni kijana aliyekabidhiwa ufunguo Dar es Salaam, akapewa makaratasi ya forodha, hela ya mafuta na posho yake, akaambiwa alifikishe mpakani. Watu huyaita magari ya IT, kwa herufi zilizo kwenye namba zake za muda. Hupita kwa makundi, mengine mchana, mengine usiku wa manane: magari yaliyotumika Japani, viti vinne vitupu na dereva peke yake, kwa zaidi ya kilomita 900. Akishalikabidhi, dereva hurudi Dar es Salaam kwa basi kwenda kuchukua jingine.

Anayetaka kuona kwa macho safari ya gari lenye mtu mmoja ilivyo, basi asimame Mpemba, kabla tu ya kuingia Tunduma, aangalie barabara. Lakini akisimama muda wa kutosha ataona pia kwamba viti vile havibaki vitupu. Njia nzima, kuanzia Chalinze hadi Makambako na Uyole, wapo wanaosubiri IT. Basi limewaacha, au nauli imepelea, au wana haraka ya msiba. Kwa miaka mingi walikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi: mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, na katazo hilo liliondolewa mwaka 2023 tu. Saa nne za usiku, aliyetaka kufika Tunduma asubuhi alikuwa na njia mbili, lori au IT. Dereva anapata hela ya chakula, abiria anafika, na gari lingekwenda hata hivyo. Kwa hesabu ya juujuu hakuna aliyepoteza.

Naanza na magari haya kwa sababu yanalazimisha swali ambalo mijadala mingi ya kushirikiana safari hulikwepa. Kwa kawaida tunaambiwa kwamba kiti kitupu ni hasara na kwamba kukijaza ni faida: mafuta kidogo, moshi kidogo, foleni fupi. Songwe, mkoa wenye Tunduma, inaonyesha kwamba viti vitupu vina aina zake. Vingine vinafaa kujazwa kesho asubuhi. Vingine vikijazwa vinamnyang'anya mtu mwingine usafiri wake. Na vingine, kama vya IT, ni heri vibaki vitupu.

Nieleze hili la IT kwanza. Gari lile bado ni mzigo. Liko chini ya forodha, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na halina leseni ya kubeba abiria. Basi la masafa marefu linatakiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana, na lina kifaa kinachoifanya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ione mwendo wake. Dereva wa IT hana wa kumpokea. Usingizi ukimjia Igawa, anapambana nao mwenyewe hadi Tunduma. Gari hajalizoea, breki zake hazijui, na mbele yake kuna mteremko wa Iwambi ukiikaribia Mbalizi na mlima Senjele ukishaingia Wilaya ya Mbozi, mahali ambapo malori yaliyoshindwa breki yameua watu miaka nenda rudi. Abiria wake hawajaandikwa popote. Likitokea la kutokea, ndugu watamtafuta mtu wao hospitali moja hadi nyingine, na hakuna karatasi itakayoonyesha kwamba alikuwa ndani ya gari lile. Mwenye gari aliye Lubumbashi hamjui, na bima iliyokatwa kwa ajili ya kulipitisha gari nchini haikukatwa kwa ajili ya abiria aliyelipa nauli.

Sasa tuje kwenye safari za kila siku, ambako ndiko kuna kazi ya kufanya.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yakawekwa Vwawa, mji wa Mbozi. Mji mkubwa wa mkoa, hata hivyo, ni Tunduma, mji wa mpaka ambao mwaka 2012 haukuwa umefikisha watu laki moja na sensa ya 2022 ikaukuta umevuka laki mbili. Biashara, nyumba za kupanga, benki na pilikapilika ziko Tunduma. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa na idara zake ziko Vwawa, kama kilomita 30 kurudi nyuma kwenye barabara kuu. Na nyuma zaidi iko Mbeya, kama kilomita 100 kutoka mpakani, ambako watumishi wengi walikuwa wameshajenga na watoto wao wapo shuleni kabla mkoa mpya haujazaliwa. Uamuzi mmoja wa kiutawala ukazaa safari ambazo hazikuwepo: Tunduma kwenda Vwawa na kurudi, Mbeya kwenda Vwawa na kurudi, Mbeya kwenda Tunduma kwa wakala wa forodha anayelala kwake Mbeya na kushinda mpakani. Katika safari hizi ndimo lilimo gari la mtu mmoja: IST, Probox, Harrier ya mkopo wa benki, dereva ndiye mwenye gari na ndiye abiria.

Hesabu yake si ngumu. Chukua gari linalokula lita moja kwa kilomita 12, na bei ya mviringo ya shilingi 3,000 kwa lita. Kwenda na kurudi Tunduma hadi Vwawa ni kilomita 60, yaani lita 5, yaani shilingi 15,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 330,000. Hapo hujahesabu oili, matairi na kiraka cha kioo kilichopigwa na kokoto ya lori. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilikuwa shilingi 370,000 hadi kilipopandishwa kuwa 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa maneno mengine, mtu anayeendesha peke yake kati ya miji hii miwili anaunguza kila mwezi karibu mshahara mzima wa mhudumu wa ofisi yake, kama ulivyokuwa kabla ya kupandishwa huko. Wakiwa wanne ndani ya gari lilelile, kila mmoja anabeba 82,500.

Kwa tofauti kubwa namna hiyo, mtu angetarajia kila gari linalotoka Tunduma saa kumi na mbili asubuhi liwe limejaa. Halijajaa. Na wala si kwamba watu wa huku hawajazoea kupanda pamoja. Kwenye msiba hakuna anayekwenda peke yake. Mwenye gari hupigiwa simu na kuulizwa zimebaki nafasi ngapi kabla hajaulizwa anaondoka saa ngapi. Kwenye harusi ni hivyohivyo. Momba na Wilaya ya Songwe, kwenye njia za Kamsamba na Mkwajuni, gari kutoka na kiti kitupu ni jambo la kushangaza, na masika yakikaza hata nyuma ya pikapu ya mpunga ni nafasi. Bodaboda hubeba mshikaki, hatari ikijulikana. Watu hawa wanajua kushirikiana safari kuliko miji mingi inayoendesha kampeni zake. Kinachowashinda ni safari ya kila siku, ya watu wasio ndugu, yenye hela ndani yake.

Hela ndiyo inayoigeuza lifti kuwa kitu kingine mbele ya sheria. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya mwaka 1973, na ile iliyoianzisha LATRA mwaka 2019, zinaliona gari la namna mbili: lile la mwenyewe, lenye kibao cha njano, na lile la biashara, lenye kibao cheupe na leseni ya kubeba abiria kwa malipo. Mwalimu mwenye Probox anayewachukua wenzake watatu kutoka Tunduma na kupokea shilingi 3,000 kwa kila mmoja kwa ajili ya mafuta, yuko upande gani? Gari lake ni la njano. Hela ameipokea. Hapati faida, kwa kuwa hata akijumlisha zote tatu hazifikii gharama ya siku. Lakini askari akisimamisha gari Mpemba na kumuuliza abiria wa nyuma kama amelipa, jibu la kweli linamweka mwalimu kundi moja na mtu anayefanya biashara ya abiria bila leseni. Ndiyo maana abiria hufundishwa kusema ni shemeji. Ushirikiano unaohitaji uongo kila kwenye kizuizi hauwezi kukua. Utabaki wa watu wachache wanaoaminiana kiasi cha kudanganya pamoja.

Bima ni jambo zito kuliko askari. Bima ya gari binafsi hukatwa kwa matumizi binafsi, na kampuni ikithibitisha kwamba gari lilikuwa likibeba watu kwa malipo ina sababu ya kukataa kulipa. Wanaochangia mafuta huwa hawalifikirii hili mpaka siku ya ajali, na siku hiyo dereva aliyetaka kupunguza gharama anajikuta anadaiwa matibabu ya watu watatu.

Ufaransa ililitatua tatizo hili kwa namna inayofaa kuangaliwa. Kampuni ambayo leo inajulikana kwa jina la BlaBlaCar ilianza huko mwaka 2006, ikiwakutanisha madereva wenye viti vitupu na wasafiri wa njia moja. Ilidumu kwa sababu ya kanuni moja rahisi, ambayo mwaka 2015 iliandikwa kwenye sheria ya nchi: dereva awe anakwenda safari yake mwenyewe, na michango ya abiria isizidi gharama ya safari. Akivuka hapo, ni mfanyabiashara na atafute leseni. Mstari umechorwa kwenye faida, na kupokea hela kwenyewe si kosa. Sheria yetu imeuchora kwenye malipo yoyote, na hapo ndipo mwalimu wetu anapokwama.

Sisemi LATRA hawawezi kuamua mambo ya magari madogo. Walipoamua mwaka 2022 kushusha kamisheni ya kampuni za teksi za mtandaoni kutoka asilimia 25 hadi 15, Uber ilisimamisha huduma mwezi Aprili, na ilirudi Januari 2023 baada ya kiwango kurejeshwa. Unaweza kuukubali uamuzi ule au kuukataa, lakini mamlaka iliyoweza kujadili asilimia ya kamisheni ya Dar es Salaam inaweza pia kukaa chini na kuandika kwamba mchango wa mafuta usiozidi kiasi fulani kwa kilomita si nauli.

Hata hivyo, kabla ya kuudai mstari huo, lazima tuseme ukweli kuhusu michomoko. Hilo ndilo jina lililoenea kwa magari madogo, Noah, Wish, Probox, yanayobeba abiria kati ya mji na mji bila kungoja stendi. Madereva wake huwabana abiria wawili kiti cha mbele na wanne nyuma, na gari linachomoka. Mengi yana kibao cha njano. Wenyewe husema wanashirikiana safari, na kanuni ya kuchangia mafuta ikipitishwa wao ndio watakuwa wa kwanza kujificha nyuma yake. Lakini dereva wa mchomoko hana safari yake. Hakuwa na jambo Vwawa. Ameenda kwa sababu abiria wanaenda, na akifika atageuza. Hiyo ni daladala iliyovaa nguo za nyumbani. Dar es Salaam ilipitia haya haya: shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, liliposhindwa kubeba watu, wenye magari yao walibeba kwa kujificha kwa miaka, na mwaka 1983 serikali ikakubali kuwapa ruhusa. Michomoko nayo inastahili kuitwa kwa jina lake na kupewa leseni, bima, idadi ya abiria na njia. Kuichanganya na mwalimu wa Probox kunamdhulumu mwalimu, na kunamwacha abiria wa mchomoko bila ulinzi.

Kuna hoja nyingine, na kwangu hii ndiyo inayotakiwa kuamua sera yoyote itakayoandikwa Vwawa. Gari dogo likimbeba mtu ambaye angepanda Coaster, hakuna gari lililoondoka barabarani. Dereva ameokoa mafuta yake, abiria ameokoa nusu saa, na Coaster imepoteza mtu mmoja. Songwe ni mkoa ambao watu wengi mno hawana gari, kwa hiyo kila anayepata nafasi kwenye gari la mwenzake karibu hakika ametoka kwenye Coaster au Hiace. Wakitoka wachache si neno. Wakitoka wale wote wenye mshahara wa uhakika wanaosafiri asubuhi na jioni, Coaster inabaki na nini? Inabaki na mama wa Mlowo mwenye debe la parachichi, mwanafunzi anayelipa nauli pungufu, mgonjwa anayekwenda hospitali ya Vwawa. Mwenye Coaster atapunguza safari, kwanza zile za jioni. Mama wa Mlowo hatapewa lifti ya kwenda kazini, kwa sababu hana kazini, na wala debe lake halitaingia kwenye buti la Harrier.

Hoja ya foleni nayo ipimwe kwa jicho hilohilo. Mtu akisikia Tunduma anasikia foleni, na ni kweli: malori ya Zambia na Kongo yamewahi kupangana kilomita nyingi nyuma ya mpaka, madereva wakilala siku kadhaa njiani na kupika chini ya trela. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde ya Zambia kilichofunguliwa na Marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019 kilipunguza hatua za kugonga mihuri, lakini mzigo nao ukaongezeka. Ila foleni ile ni ya malori. Magari yote ya watumishi yakijaa watu wanne wanne kesho, foleni haitapungua hata urefu wa trela moja. Jakarta, mji wa Indonesia, ilikuwa na amri kwamba barabara zake kubwa nyakati za msongamano zipitwe na magari yenye watu wasiopungua watatu. Ilipoiondoa mwaka 2016, watafiti walipima na kukuta ucheleweshaji umepanda kwa asilimia 46 asubuhi na 87 jioni. Amri ile ilifanya kazi, pamoja na kwamba kulikuwa na watu waliokodishwa pembeni mwa barabara wakae ndani ya gari kutimiza idadi. Lakini ilifanya kazi kwa sababu Jakarta ilikuwa imezibwa na magari madogo. Tunduma imezibwa na kitu kingine, na dawa yake iko kwenye mizani, skana, maegesho ya malori na reli ya TAZARA inayopita palepale mjini. Anayewaambia watu wa Tunduma washirikiane magari ili foleni ipungue anawabebesha wananchi kazi ya forodha.

Faida basi iko wapi? Iko kwenye mifuko ya watu na kwenye usalama. Barabara ya kuelekea Mbeya ni ya njia mbili, moja kwenda na moja kurudi, na gari dogo linalotaka kuwahi kazini hutumia muda wake mwingi kuyapita malori moja baada ya jingine kwenye kona za Mbozi. Kila kupita ni hatari yake. Magari manne yaliyogeuka kuwa moja ni robo tu ya zile hatari, na ndani yake kuna macho manane badala ya mawili, na mtu wa kumwambia dereva subiri. Upanuzi wa barabara umeanzia upande wa jiji la Mbeya, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 za njia nne; huku Mbozi bado tunapishana kwa kubahatisha.

Na hatari ya barabara hii haimhusu kila mtu kwa namna moja. Mwanamke anayepewa lifti na bosi wake kila asubuhi analipa kwa jina lake, hata kama hakuna neno lililosemwa ndani ya gari. Majirani wanaona, ofisi inaona, mume anaambiwa. Wapo wanaokataa nafasi ya bure na kusimama kituoni kwenye baridi ya Juni kwa sababu hiyo tu. Naona wana haki. Mpango wowote wa kushirikiana safari unaomtegemea mtu mmoja kumkaribisha mwingine unazaa deni, na deni hilo mwanamke hudaiwa zaidi. Likiwa ni kundi la watu wanne wanaojulikana, lenye utaratibu ulioandikwa na mchango sawa, anayeingia garini anaingia kwa haki yake. Hapa ndipo mchango wa mafuta una heshima kuliko lifti: aliyechangia hasemi asante mpaka shingo inauma.

Wazee wa enzi zile watakumbuka kwamba nchi hii imewahi kulazimishwa kufikiri hivi. Mafuta yalipokuwa adimu, magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Watu walipanga: nani ana mafuta, nani anakwenda kanisani, nani atapitia wapi. Siitamani dhiki ile. Lakini ilionyesha kwamba mpango wa safari unawezekana watu wakiwa na sababu moja na saa moja.

Serikali yenyewe ina cha kuanza nacho bila kubadili sheria hata moja. Mwigulu Nchemba, akiwa Waziri wa Fedha, kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2022 alieleza kwamba magari ya serikali, kuyanunua, kuyatengeneza na kuyajaza mafuta, yanakula zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka. Mkoa wa Songwe una halmashauri tano: Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma. Kikao kikiitishwa Vwawa, yanakuja magari matano, na kikao cha wakuu wa idara kinaweza kuleta zaidi ya matano. La Momba na la Tunduma huja kwa barabara ileile; la Ileje hushuka Isongole na kuikuta barabara hiyo Mpemba, kwenye lami ya kilomita 50 iliyojengwa miaka ya karibuni. Katibu Tawala anayetuma barua ya kikao angeweza kwenye barua hiyohiyo kuandika gari lipi litapitia wapi na saa ngapi. Ni mstari mmoja. Kama ofisi ya mkoa haiwezi kuuandika, haina haki ya kumhimiza mwalimu aache gari nyumbani.

Kwa mwalimu na wenzake, njia ninayoiona imara zaidi ni zamu. Watu wanne wa Tunduma, kila mmoja ana gari lake, wote wanafanya kazi Vwawa. Wiki hii gari la huyu, wiki ijayo la yule. Hakuna nauli inayotolewa, kwa hiyo hakuna swali la leseni mbele ya askari, na bima haina pa kushika. Hesabu yake ni safi kwa namna ambayo mchango wa mafuta hauwezi kufikia: magari matatu yamebaki nyumbani kweli, na Coaster haikupoteza mtu, kwa sababu hawa wanne hawakuwa abiria wake. Zamu inahitaji watu wachache waliojuana, na Tunduma inao wengi, kwenye idara moja, kwenye benki moja, kwenye shule moja. Kinachoiua ni jioni. Asubuhi wote hutoka saa moja. Jioni mmoja ameitwa na mkurugenzi, mwingine mtoto ameugua amepigiwa simu saa nane mchana, wa tatu ana kikao kisichoisha. Baada ya wiki tatu za kungojana kwenye maegesho, kila mmoja anarudi kwenye ufunguo wake, na anaona ameupata uhuru wake.

Aliyeachwa nyuma anahitaji gari la kumrudisha. Akijua kwamba saa moja na nusu usiku iko Coaster inayopita Vwawa kwenda Tunduma, level siti, kwa nauli iliyopangwa, atakubali wenzake watangulie na zamu haitavunjika. Akijua kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni kilichobaki ni mchomoko wa kubanana, au IT yenye dereva asiyelala tangu Morogoro, ataendelea kwenda na gari lake kila siku, na nani atamlaumu? Leseni za njia ya Mbeya na Tunduma hutolewa na LATRA, na mamlaka inaweza kupanga ratiba, ikamtaka mwenye leseni ya safari za asubuhi zenye abiria wengi afanye pia moja au mbili za usiku, kwa zamu kati ya wenye Coaster wenyewe. Wataitikia wakiona kwamba michomoko nayo imepewa masharti yake na haiwanyang'anyi abiria wa saa kumi jioni. Kanuni ya mchango wa mafuta ije pamoja na hayo, ikiwa na kikomo kwa kilomita na agizo kwa kampuni za bima kwamba kuchangia gharama hakubatilishi bima ya gari binafsi.